Siku Nilipompima Binamu kwa Mizani ya Mahindi

Mimi ni mwembamba. Naanza na hilo kwa sababu usipolijua hutaelewa jeuri yangu ilitoka wapi. Nakula ugali wa watu wawili, naongeza chapati ya mtu wa tatu, na bado sketi yangu ya shule inashikiliwa na pini. Kuna mwalimu aliwahi kuniita pembeni akaniuliza kama nyumbani kuna shida. Nikamwambia shida iko, ila haihusiani na chakula. Mtu aliyeumbwa hivi hujiona amepewa ruhusa ya kuchekelea miili ya wengine, na hakuna aliyewahi kunipokonya ruhusa hiyo. Darasani mimi ndiye ninayengojwa niseme kitu, na nikishasema, watu wanapiga madawati.

Kwetu ni Kibomet, Kitale. Baba anafanya kazi ya serikali Lodwar, anakuja mwisho wa mwezi akiwa amechomwa na jua. Mama ana stoo ya nafaka Tuwan: ananunua mahindi kwa wakulima, anawauzia wenye malori. Mama ni mkubwa wa umbo, na hiyo ndiyo vita yake. Asubuhi anakunywa maji moto na ndimu, uso ameukunja kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. Jioni anatupakulia sisi, yeye hajipakulii. Anakula amesimama kando ya jiko, kijiko hiki, kijiko kile, akichokora sufuria. Kwa imani yake, chakula ulichokula umesimama hakiingii mwilini. Marafiki zake wakija hawaulizani kwanza habari za watoto. "Wee! Umepunguza!" anasema mmoja, na aliyeambiwa anageuka mzima mzima ili aonekane mpaka nyuma. Asiyeambiwa hivyo, siku hiyo chai anainywa bila sukari.

Nilikua nikidhani dunia nzima iko hivyo. Kumbe ukitoka Kitale ukafika Naitiri kwa kina mama, safari ambayo hata simu haijaisha chaji, mambo yamegeuzwa juu chini. Pale kukhu, yaani nyanya yetu, anakupokea kwa kukufinya mkono juu ya kiwiko kama anayenunua kuku sokoni. Ukiwa umejaa: "Umenona! Mungu ni mwema." Ukiwa kama mimi, anauachia mkono, anamuuliza mama, "Huyu bado anasoma?" Kana kwamba masomo ndiyo yamenitafuna.

Binamu yangu alilelewa hapo. Ni msichana, mtoto wa khocha, ndugu ya mama, na tulizaliwa mwaka mmoja. Yeye ndiye alikuwa fahari ya kukhu. Alikuwa na mashavu, mikono iliyojaa, na hatua nzito ya mtu asiye na haraka. Wageni wakifika, aliitwa aje kusalimia ili waone nyumba hii ina chakula. Hakuwahi kujua kwamba mwili wake una kasoro, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kazi hiyo iliningoja mimi.

Alikuja kwetu Januari tukiingia kidato cha tatu. Shule yao haikuwa na mwalimu wa kemia, na yeye anataka kuwa muuguzi, na bila kemia uuguzi utausikia tu redioni. Khocha alimleta na gunia la viazi vitamu, akamwambia mama, "Dada, huyu ni wako sasa." Tukalala chumba kimoja. Wiki ya kwanza nilimpenda vibaya. Alicheka kwa sauti. Alikula polepole huku akiongea na chakula. "Wewe nawe kuja hapa," aliiambia sukuma wiki iliyobaki pembeni mwa sahani. Mama alikuwa akimwangalia akila. Wakati huo sikujua kwamba kuangaliwa ukila ni kitu.

Sasa, Jumamosi moja ya Februari stoo ilikuwa imejaa. Huo ndio wakati wakulima wanauza mahindi ya mwisho ili wanunue mbegu na mbolea, kwa hivyo walikuwa wamekaa juu ya magunia wakingoja zamu, na wapakiaji wamesimama mlangoni. Mimi nilikuwa kwenye mizani, ile kubwa ya jukwaa la chuma, nikisoma kilo kwa sauti. Binamu akapita na birika la chai ya wapakiaji. Nikapata wazo. Mawazo yangu mabaya huja mbio. Mazuri ndiyo hutembea kwa miguu.

"Madam, simama hapa kidogo."

"Ya nini?"

"Simama, bana. Nione kama mizani inadanganya wateja."

Akapanda, birika mkononi, akitabasamu.

Namba yenyewe siiandiki. Nilishaitangaza mara moja, inatosha. Niliitangaza kwa ile sauti yangu ya magunia, kisha nikaigeuza kuwa gorogoro, ule mkebe ambao kila mtu hapa hupimiwa mahindi, ili asibaki mtu hata mmoja hajaelewa. Halafu nikachukua bambo, kile chuma chenye ncha wanachochomea gunia ili punje zitoke ziangaliwe, nikamzunguka nalo kama mnunuzi mkali, nikikuna kidevu.

"Hii haijakauka," nikasema. "Hii bado iko na maji mingi. Irudi juani."

Stoo nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mpakiaji mmoja akasema, "Hiyo mimi sibebi peke yangu, labda tuitane!" Na binamu naye akacheka. Kwa muhula mzima nilijificha nyuma ya hilo: si alicheka? Lakini nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nilisikia kifuniko cha birika kikigonga gonga.

Mama akatoka nyuma, mikono ina vumbi la mahindi. "Wewe nawe, mwache mtoto wa watu," akaniambia, na yeye anacheka. Kisha akainama, akasoma ile namba, akaacha kucheka. Akamshika binamu begani akamwambia kwa upole, na nadhani ule upole ulikata kuliko bambo langu, "Lakini mwanangu, hata senge yako alianza hivi hivi. Ugali wa jioni unaweza kuupunguza kidogo." Senge ni shangazi, yaani mama mwenyewe, na shangazi anayekulea ukibishana naye, utakula wapi?

Jumatatu shule nzima ilijua. Usiulize ilijuaje. Nilimpa jina, Gunia, na kufikia Ijumaa hata wa kidato cha kwanza walikuwa wanalitumia, watu ambao bado hawajui choo kiko upande gani.

Halafu ikaanza. Jioni alikuwa akikata ugali wake katikati na kusukuma nusu kwenye sahani yangu. "Nimeshiba." Mimi nikala. Baadaye ikawa zaidi ya nusu. Nikala. Nyama ya Jumapili, nikala. Ningependa kuandika kwamba nilijiuliza maswali. Sikujiuliza kitu. Nilikuwa kama fisi aliyekuta mlango wa zizi wazi. Mpaka leo najua ladha ya kila kitu ambacho yeye hakukila muhula ule, kwa sababu kilipita kinywani mwangu.

Ramadhani ilipoingia, akatangaza kwamba anafunga pamoja na rafiki yetu wa darasani, msichana anayeishi karibu na msikiti mjini. Mama alifurahi sana. "Angalia mwenzako alivyo na nidhamu," akaniambia, "na si hata dini yake." Kanisani, wanawake walianza kumsimamisha mlangoni. "Umependeza! Unatumia nini?" Mama mwenyewe nilimsikia jikoni akimuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeulizia dawa ya aibu, anafanyaje. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu anaomba siri kwa mtoto anayejinyima. Niliona hilo likanichekesha. Kila kitu kilikuwa kinanichekesha.

Yule rafiki wa msikitini ndiye aliyenishika mkono siku moja tukitoka maktaba.

"Dada yako hafungi, unajua?"

"Anafunga bana, hata maji hagusi."

"Kufunga ni mpaka magharibi. Nimemwita kwetu kufuturu mara tatu. Anashika tende anaizungusha zungusha, anairudisha. Yeye magharibi yake haifikangi."

Nilipaswa kukimbia moja kwa moja mpaka stoo. Unajua nilimjibu nini? "Mwache akauke, tumuuze bei nzuri." Hakucheka. Aliniangalia tu, akapanga vitabu vyake, akaenda zake. Ni watu wachache sana wamewahi kuniacha nimesimama na mzaha wangu mkononi, na yeye ni mmoja.

Wiki moja kabla ya kufunga shule, tukiwa paredi, binamu aliketi chini polepole, kama mtu aliyeamua tu kupumzika, kisha akalala ubavu. Tulimbeba mpaka ofisini. Alipofungua macho, mwalimu alimuuliza kama amekula. Akanitazama mimi. Si kwa hasira. Kwa ombi. "Ni malaria," akasema. Mwalimu akanigeukia. "Mnaishi nyumba moja. Ni malaria?"

"Ndiyo, mwalimu. Ilimshika tangu jana."

Mzaha wa stoo naweza kusema ulinitoka. Huu uongo niliusema taratibu, nikamwangalia mwalimu machoni. Na mama sikumwambia, kwa sababu nikimwambia mwisho, ningefika mwanzo, na mwanzoni nimesimama mimi na bambo.

Aprili tukaenda Naitiri. Kukhu alitoka jikoni akikausha mikono kwenye leso, akamfuata binamu kwanza, kama kawaida, akamfinya juu ya kiwiko. Vidole vikakutana. Aliviangalia vidole vyake kana kwamba vimemkosea. Hakusema "Mungu ni mwema." Alisema jina la mama yangu, mara moja tu, akarudi jikoni.

Kuku alichinjwa, wageni hawafiki kwa kukhu kuku akabaki hai. Hapa lazima nieleze jambo moja. Wanawake wa rika la kukhu walikatazwa kula kuku. Kuku na mayai vilikuwa vya wanaume, na kazi ya mwanamke ilikuwa kupika na kuachiwa harufu. Siku hizi katazo hilo limelegea, sisi wote tunakula, lakini kukhu mwenyewe hajawahi. Anapika kuku wa kukufanya usahau jina lako na hajui ana ladha gani. Na firigisi, imondo, hiyo mpaka leo haijalegea kwa mtu. Ni ya mwenye boma. Ukimnyima, umemtukana. Babu alipofariki, firigisi ikawa ya khocha.

Tuliketi sebuleni, khocha kwenye kiti chake, mama kwenye ukingo wa kochi kana kwamba anangoja kuitwa. Kukhu akaingia na sahani, akampita khocha. Akaweka firigisi mbele ya binamu.

Khocha aliitazama sahani yake. Akatazama ya mtoto. "Mayi," akamwambia mama yake, "umesahau?"

"Sijasahau," kukhu akajibu bila kumtazama. Akachuchumaa mbele ya binamu, na magoti yake hayapendi kuchuchumaa. "Mimi nilikatazwa. Nikiwa msichana kama wewe, nilikatazwa, na aliyenikataza namjua. Wewe ni nani amekukataza?"

Binamu aliitazama ile firigisi, machozi yakaanza kushuka, na hakuigusa. Hapo ndipo wote walielewa kwamba si ugonjwa, na si shule. Lakini walielewa upande usiofaa. Khocha alimgeukia mama, sauti imeshuka chini sana, kila L imegeuka R kama kawaida yake akikasirika.

"Dada. Nirikuretea mtoto na viazi. Urimnyima chakura?"

Kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Mwanamke anayemnyima chakula mtoto wa ndugu yake, jina lake linasafiri mpaka vizazi ambavyo havijazaliwa. Mama alishuka kwenye ukingo wa kochi akaketi sakafuni. Nilijua kwa nini. Alikuwa anakumbuka kwamba alisema apunguze ugali. Alikuwa anadhani ni yeye.

"Hakuna mtu alininyima," binamu akasema.

"Basi nini?"

Alikuwa na jina langu mdomoni na hakulitoa. Mimi, mdomo wangu ukafanya ulichozoea. "Labda ni minyoo," nikasema, "hao wanakulaga kama mimi."

Hakuna aliyecheka, na hilo halijawahi kunitokea katika nyumba ile. Nikaona nimesimama. Nikasema ni mimi. Nikasema nilimpima kwenye mizani ya stoo.

"Mizani gani?" khocha akauliza.

"Ya mahindi."

Kukhu alinigeukia. Usoni mwake hakukuwa na hasira, kulikuwa na mtu anayejaribu kuelewa. "Ikasema nini? Alikuwa mzito?"

"Ndiyo, kukhu."

"Sasa si hiyo ni furaha?"

Ningetoa chochote anichape. Badala yake alinisubiri nijibu, na ikabidi nimweleze bibi wa watu, aliyemjaza yule msichana kijiko kwa kijiko tangu anyonye, kwamba tulicheka. Watu wote. Kwamba nilimwita gunia.

"Mlicheka nini?" akauliza.

Nilitafuta jibu. Nikatafuta tena. Mimi ambaye sikosi neno. Mama ndiye aliyejibu, akitazama sakafu: "Mayi, Kitale ukiwa mkubwa watu wanacheka. Mimi wananicheka kila siku. Nilitaka yeye wasimcheke." Kukhu akamtazama binti yake wa kuzaa, yule ambaye kila Krismasi husema ameshiba na kwenda kuosha vyombo, akamtazama kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anahesabu Krismasi ngapi. Akamwondolea binamu ile sahani mbele yake taratibu, bila kumlaumu, akamwambia, "Basi. Haiendi popote."

Uamuzi ulikuwa wa khocha: binamu harudi Kitale. Mama alilia, akaomba, akataja kemia. Khocha akasema kemia haiwezi kuliwa. Kwa hivyo tulirudi wawili, na kitanda cha pili chumbani kikawa cha kuwekea nguo. Shuleni waliniuliza Gunia yuko wapi, wakingoja nicheke ili wacheke. Nilisema jina lake halisi. Lilionekana geni, watu wakadhani nazungumzia mtu mwingine.

Nilimtumia ujumbe kila siku kwa simu ya mama. Samahani ndefu, samahani fupi, samahani zenye picha za paka. Nilimpigia picha maelezo yote ya kemia, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wangu ambao hata mimi siuamini. Alikuwa anasoma, ilionekana. Hajibu. Kisha Juni akajibu kwa neno moja: "Ukurasa wa 14 hauonekani." Nilifurahi mpaka nikauandika upya wote.

Agosti khocha alituruhusu kuonana. Sasa binamu anapelekwa hospitali Bungoma mjini kila baada ya wiki mbili kuongea na mshauri, mama mmoja asiye na haraka, na mama yangu alinipa ruhusa niende kumngoja nje. Alitoka akiwa na koti la baba yake. Hajarudi alivyokuwa, na hajawa alivyokuwa Aprili. Zaidi ya hapo sisemi, nimeacha kazi ya kutangaza.

Tukaingia hoteli moja ndogo karibu na soko. Akaagiza chapati na maharagwe, nami nikaagiza vivyo hivyo. Chakula kikaja. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kutoka Kitale kwamba sitasema neno juu ya chakula, nikakaa wima kama niko kanisani.

"Sema kitu," akaniambia.

"Sisemi."

"Ukinyamaza hivyo najua unaniangalia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nahesabu vijiko vyake kama mama yangu.

"Basi nifanye nini?"

Akafikiri. "Geuka."

Nikabeba kiti changu, nikakigeuza, nikaketi nikitazama barabara, mgongo kwake. Mhudumu alidhani tumegombana. "Sasa niambie unaona nini," binamu akasema nyuma yangu. Nikamwambia. Mwanamume anamvuta mbuzi, na mbuzi ndiye anayejua njia. Mwanamke ananunua viatu, amevaa kiatu kipya mguu mmoja na anasali juu yake. Polisi anakula muwa, ameficha ganda mfukoni. Nilikuwa natunga nusu. Kwa yule wa kiatu kimoja alicheka, kile kicheko cha Januari, au karibu yake. Nyuma yangu nikasikia kijiko kikigusa sahani, kisha kimya kirefu, kisha kijiko tena, au labda ni cha meza nyingine. Shingo iliniwasha. Sijawahi kutaka kugeuka hivyo maishani mwangu.

Sikugeuka. Nikatafuta mtu mwingine barabarani, na alipokosekana nikamtunga, mpaka mhudumu akaja akabeba sahani zote mbili akazipeleka ndani. Yangu nilikuwa sijaigusa. Yake, sijui. Aliniambia twende, nikainuka, na njia nzima mpaka stendi sikumuuliza.